Mtikisiko wa ubongo: Kwa nini mwanajeshi haponi kwa kulala tu

Januari 8, 2020, Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Asad nchini Iraq, walikokuwa wanajeshi wa Marekani. Rais Donald Trump alisema hakuna Mmarekani aliyeumia. Taarifa za waliougua zilipotoka, akasema amesikia ni maumivu ya kichwa, si jambo kubwa sana.

Wiki chache baadaye, wanajeshi zaidi ya 100 walikuwa wamegundulika kuumia ubongo kwa kiwango kidogo.

Mtu anaumiaje bila kidonda?

Kombora likilipuka, hewa husukumwa kwa nguvu kubwa. Wimbi hilo humpiga askari hata kama hakuguswa na kipande cha chuma, na ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Wengine huumia kwa kuanguka, ajali za magari au mazoezini.

Madaktari husema jeraha ni la kiwango kidogo iwapo mtu alizimia kwa chini ya dakika 30, au kumbukumbu ilimpotea kwa muda usiozidi saa 24. Haina maana kwamba mateso nayo ni madogo. Kipimo cha CT-scan mara nyingi hakionyeshi kitu. Askari anaonekana mzima, kumbe kichwa kinagonga, mwanga unamuumiza, na akigeuka ghafla anayumba.

Fiziotherapia inaingia wapi?

Zamani mgonjwa aliambiwa alale kwenye chumba chenye giza hadi dalili ziishe. Siku hizi anapumzika siku moja au mbili, kisha anaanza kujongea taratibu. Mwongozo wa jeshi la Marekani una hatua 6, kuanzia mapumziko hadi kazi kamili. Dalili zikizidi, anarudi hatua moja nyuma.

Mtaalamu wa fiziotherapia hutafuta shida ilipo:

- Kizunguzungu: Huenda chembe ndogo ndani ya sikio zimehama. Mgonjwa hulazwa na kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu ili zirudi mahali pake. Wapo wanaopata nafuu siku hiyo hiyo.
- Kichwa kuuma: Wakati mwingine maumivu yanatoka shingoni, hivyo shingo hunyooshwa na kuimarishwa.
- Kuyumba: Mgonjwa hukazia macho kitu kimoja huku akigeuza kichwa, ili ubongo uzoee upya.

Kujikaza ni hatari

Askari wengi hunyamaza wakiogopa kuondolewa kikosini. Lakini kichwa kikigongwa tena kabla hajapona, safari ya kupona inakuwa ndefu zaidi. Na anayeyumba akiwa na bunduki mkononi anahatarisha hata wenzake.

Wengi hupona ndani ya wiki chache. Ila akianza kutapika mara kwa mara, kupata degedege, kulegea upande mmoja au kushindwa kuamka, huyo si wa mazoezi tena. Ni wa kukimbizwa hospitali.