Mmea Usiotaka Kushibishwa

Mapenzi ya watu wa Mombasa kwa maua yenye harufu ni ya tangu na tangu, na mtu apitaye vichochoro vya Majengo kuelekea Mji wa Kale hakosi kuona, penye pembe ya ua au juu ya ukuta, mrehani uliopandwa koponi au asumini iliyotambaa ikafika dirishani. Walakini upo mmea mwingine, usionukia wala usiofungwa shada, uwezao kukaa katika nyumba hizo hizo na kumfundisha mlezi wake adabu iliyo kinyume cha ile ya asumini: nao ni mmea ulao wadudu, uoteshwao kwa mbegu ndani ya sanduku la kioo.

Mtu asidhani kwamba viumbe hivi ni ajabu ya nchi za mbali tu. Drosera, ambayo kila kinyweleo cha jani lake hubeba tone la ute mzito ung'aao juani, huota katika vinamasi vya Kenya, Uganda na Tanzania. Na utrikularia, ambayo aina zake zapita 200 duniani, huelea katika madimbwi yetu na kufyonza vidudu kwa vifuko vyake katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Riziki yao ya asili ni jua, kama mimea mingi. Wadudu huipa mimea hii naitrojeni na fosforasi tu, ambazo hazipatikani kwa wingi katika ardhi ya kinamasi. Charles Darwin alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1875, na miaka mitatu baadaye mwanawe, Francis, akadhihirisha kwa majaribio kwamba drosera iliyolishwa huzaa mbegu nyingi kuliko isiyolishwa.

Basi, madhali mmea huu umezoea ufukara wa ardhi, taabu ya kuulea Majengo si uhaba, bali ni wingi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa; maji ya visima yana chokaa na chumvi, na hata maji ya bomba, yatokayo mbali kama chemchemi za Mzima, hubeba madini ambayo hayamdhuru mnywaji lakini hujikusanya chunguni hata yakaunguza mizizi. Samadi, ambayo mrehani huishukuru, kwa mmea huu ni sumu. Aghalabu hauuawi kwa kusahauliwa. Huuawa kwa ukarimu.

Dawa yake yatoka mbinguni. Mvua ya masika ishukayo juu ya mabati ni maji yasiyo na madini ya kudhuru, ila sharti ile ya mwanzo iachwe ioshe vumbi na chumvi ya upepo wa bahari, ndipo maji yakingwe katika mitungi iliyo safi na kufunikwa yasizalishe mbu. Mvua ikikatika, maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena, yale yauzwayo kwa ajili ya betri za magari, hufaa, mradi iwe ni maji matupu wala si asidi.

Udongo nao usiwe wa shambani. Wakulima wa mimea hii hutumia piti, yaani mboji ya kinamasi, iliyochanganywa na mchanga mweupe wa mtoni, wala si wa pwani, kwa kuwa wa pwani una chumvi na vumbi la kombe. Atakaye kutumia unga wa makumbi na auoshe mara kwa mara kwa maji ya mvua, kwani makumbi yetu hulowekwa baharini. Mbegu, zilizo ndogo mithili ya ugoro, hunyunyizwa juu ya udongo na kuachwa hapo pasi na kufukiwa, maana zahitaji nuru ili ziote. Kisha chungu hukalishwa katika sahani ya maji, na kioo kikafunikwa. Majuma mawili hadi manne aghalabu hutosha kwa drosera zilizo nyepesi kuota, ingawa nyingine hukawia zaidi.

Hikima ya kufungia mimea kiooni ilienea baada ya mwaka 1829, pale daktari Nathaniel Ward wa London alipoona kangaga limeota lenyewe ndani ya chupa aliyomfungia bundo. Lakini London si Mombasa: kioo kilichofungwa kikiwekwa katika jua letu la adhuhuri hugeuka tanuri. Heri taa ya LED kwa muda wa saa 14 hivi kila siku, chumbani penye kivuli, na kifuniko kifunuliwe kidogo kila siku ili ukungu usiingie.

Katika kuchagua aina, hadhari yahitajika. Dionaea, ule mtego mashuhuri wa Carolina huko Marekani, hutaka miezi kadhaa ya baridi ili upumzike, na kipupwe chetu, ambacho usiku wake hukaribia nyuzi 20, hakiukidhi. Utadhoofika hata ufe. Drosera burmannii ya Asia na Australia yapenda joto, hukomaa upesi na kujizalisha mbegu yenyewe. Mbegu za nje ziingie kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya likaguzi la afya ya mimea, na za vinamasini mwetu zisichumwe ovyo, kwani vinamasi vyenyewe vinapungua.

Kwa anayeutaka mmea huu umwondolee mbu, nasaha ni moja: atungike chandarua, kwani jani lenye upana wa ukucha halitoshi kulinda chumba. Bali kwa aliye na mtungi wa mvua, taa moja na subira ya kujizuia mkono, hata chumba cha Majengo kisicho na ua chamtosha kuanzia.