Fahamu: Kwa nini akiba haikai Budalang'i

Akiba ni pesa inayobaki baada ya matumizi ya lazima. Budalang'i, kusini mwa Kaunti ya Busia, kinachobaki mara nyingi ni kidogo sana.

Mapato ya msimu
Wengi hutegemea uvuvi wa Ziwa Victoria na kilimo, ukiwemo mpunga wa Bunyala. Uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane. Karo na unga havifungwi.

Bei ya kununua kidogo
Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kupima, sukari ya kupima, vocha ya shilingi kumi. Ukipiga hesabu kwa kilo, hulipa zaidi ya anayenunua kwa jumla. Kumwita mtu huyu mbadhirifu ni kumwonea. Hana mtaji wa kununua gunia. Gharama ya uvuvi nayo ilipanda: Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa petroli ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na injini za boti hutumia petroli.

Mto Nzoia
Akiba nyingi vijijini haimo benki. Ni mbuzi, ng'ombe, nafaka ghalani. Kingo za Nzoia zimebomoka mara kadhaa, na mwaka 2020 ziwa lenyewe lilifurika. Mafuriko huondoka na akiba ya miaka usiku mmoja.

Je, chama cha kuweka akiba husaidia?
Husaidia, kwa kuwa pesa hukaa mbali na mfuko wa mtu. Ila chama cha wavuvi pekee huyumba uvuvi ukifungwa: wanachama wote hukauka pamoja, na hakuna wa kumkopesha mwenzake.