Kwa Nini Pikapu Inadunda Nyuma Baada ya Kuongezwa Springi?



Vikundi kadhaa tunavyovitembelea hapa Kapseret vimejinunulia pikapu ya kubebea maziwa asubuhi na mahindi wakati wa mavuno. Gari likibeba sana, nyuma linakaa chini kama kuku anayeatamia. Basi wanachama wanakubaliana: tulipeleke kwa fundi wa springi aongeze majani. Gari linarudi limenyanyuka, kila mtu anafurahi. Halafu baada ya wiki moja au mbili shida nyingine inaanza. Dereva akipanda kilima gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yanarukaruka, dugu dugu dugu, na chini ya sakafu panagonga hata abiria anashika mlango. Zamani halikuwa na jambo hilo.

Wengi wakisikia ule mdundo wanasema moja kwa moja, "Difu imekufa." Difu ni pesa nyingi. Tunajua kikundi kimoja upande wa Ngeria kilichokuwa tayari kutoa akiba yake yote, pamoja na ile iliyowekwa kwa karo ya watoto, kikanunue difu ya mtumba mjini Eldoret. Mweka hazina, mama mmoja mkali kidogo, akakataa kutia sahihi mpaka aelezwe ni nini hasa kimeharibika. Tunaandika haya kwa sababu ya swali lake.

Toyota Hilux za kazi, na pikapu nyingi za namna hiyo, zina ekseli nzima nyuma, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu katikati. Ekseli hiyo imeshikwa na springi mbili za majani, na imefungwa kwenye springi kwa yubolti. Kwa hiyo springi ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kubeba mzigo. Ya pili wengi hawaijui: kuizuia ekseli isijipindue injini inaposukuma. Gurudumu likisukuma gari kwenda mbele, ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume, pua ya difu iinuke juu.

Chukua rula ya plastiki ya mtoto wa shule. Mwenzako aishike ncha zote mbili, wewe uibane katikati kwa vidole halafu uizungushe kidogo. Itajikunja kama herufi S. Springi nayo hufanya hivyo dereva anapoachilia klachi kwenye kilima. Ikijikunja sana, tairi linashindwa kushika udongo, linateleza. Likiteleza tu, springi inajinyoosha kwa nguvu, tairi linakamata tena, springi inajikunja tena. Haya yanatokea mara nyingi kwa sekunde moja, na hiyo ndiyo dugu dugu mnayoisikia. Difu haina kosa, ingawa mkiendelea hivyo mtaiua kweli, pamoja na viungo vya propela.

Sasa mtu atauliza: springi si imeongezwa nguvu, mbona inajikunja? Ni swali la haki. Majani ya springi hushikwa pamoja kwa vikamatio vya chuma, mfano wa mkanda, ili yasiachane. Fundi akiongeza majani mawili, furushi linanenepa na vile vikamatio vya zamani havitoshi tena. Fundi mwenye haraka anaviacha mezani. Mzigo ukikaa juu, majani yote yanabeba na huoni tofauti. Lakini ekseli ikitaka kujipindua, upande mmoja wa furushi majani yanaachana, na jani kuu linabaki kupigana peke yake. Jani hilo likikatika barabarani, ekseli inakwenda inakotaka yenyewe, na walioketi nyuma juu ya magunia hatutaki hata kuwafikiria.

Jambo la pili ni shoki, zile bomba zenye mafuta zinazoituliza springi isiendelee kucheza. Shoki zilizokuja na gari zilipimwa kwa springi ya zamani. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na shoki iliyochoka haiwezi kuishika. Tena gari likiinuliwa sana, shoki inabaki imenyooshwa karibu na mwisho wake, haina tena nafasi ya kufanya kazi. Kumbukeni pia kwamba jani likiwa nene mara mbili, kwa upana na urefu ule ule, ugumu wake ni mara nane, si mara mbili. Ndiyo maana gari tupu lenye majani manene haliketi barabarani, linaruka juu yake.

Wengine hawaongezi majani, wanaweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ili gari liinuke. Hiyo sisi hatuipendi kabisa. Ni kama kuongeza urefu wa mpini wa spana: ekseli inapata nguvu zaidi ya kuipindua springi, na yubolti zinateseka.

Kabla ya kufungua hata nati moja, mwulizeni dereva: inadunda lini? Ikidunda wakati wa kuondoka au kupanda kwa gia ya kwanza, na kunyamaza mara akikanyaga klachi, ni springi kujikunja. Ikidunda kwenye muramu wenye matuta madogo-madogo, hata gari likitembea bila kuvuta sana, shikeni shoki kwanza. Ikitetemeka kwenye lami laini, kwa mfano barabara ya Kapsabet, kwa mwendo fulani tu, tazameni tairi, rimu na propela, wala msiisumbue springi. Ikidunda wakati wa kufunga breki, kagueni yubolti na ngoma za breki bila kuchelewa.

Baada ya hapo anzeni na yale ambayo hayana gharama. Pimeni upepo. Madereva wengi hujaza tairi mpaka liwe jiwe kwa ajili ya mzigo, halafu wanarudi nalo hivyo hivyo gari likiwa tupu. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi karibu na mlango wa dereva. Kisha lipelekeni gari kwenye barabara mbaya kwa muda, msimame, na kila shoki iguswe kwa uangalifu. Iliyofanya kazi itakuwa na joto. Iliyobaki baridi, au inayovuja mafuta, imekufa. Shoki hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia.

Angalieni bushi kwenye masikio ya springi: ingizeni chuma mbenue kidogo, zisicheze. Hesabuni vikamatio. Tazameni yubolti kama zina kutu mpya au alama ya kung'aa pale chuma kinaposuguana, kwani hiyo ni dalili ya kulegea. Mwisho, dereva akanyage breki barabara, aweke gia ya kwanza, aachilie klachi polepole sana mpaka gari litake kuondoka, huku mawe yamewekwa mbele ya magurudumu. Mwingine atazame kutoka ubavuni pua ya difu inavyoinuka. Asisimame mbele wala nyuma, na asiingie chini.

Kwenye lile gari la Ngeria vikamatio vyote vinne havikuwepo, shoki ya kushoto ilikuwa baridi kama maji ya mto, na matairi yalikuwa magumu kupita kiasi. Difu ilikuwa nzima. Kikundi kilitoa jani moja kila upande, fundi wa jua kali akatengeneza vikamatio vipya, shoki mbili zikanunuliwa. Karo ya watoto ikabaki benki.

Msidhani ni ugonjwa wa magari ya kazi tu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari la mbio, na nyuma lilikuwa na ekseli nzima na springi za majani kama pikapu yenu. Kwenye magari ya namna hiyo mafundi wa mashindano hawaongezi ugumu wa springi peke yake. Springi na shoki huchaguliwa pamoja.

Kuhusu mzigo, tuseme wazi: majani ya ziada hayaongezi breki, hayaongezi nguvu ya ekseli wala ya matairi. Uzito ambao gari liliruhusiwa kubeba kabla ya kwenda kwa fundi ndio ule ule baada ya kurudi. Mahindi yakizidi, nendeni mara mbili.

Mkishafungua springi, yubolti za zamani msizirudishe, kwa sababu zikishakazwa mara moja huwa zimevutika. Nunueni mpya zenye urefu unaotosha furushi jipya, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki. Zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, na katibu aandike tarehe kwenye kitabu cha gari.