Roboti zilizong'aa kwa picha zikashindwa ulingoni

KIJANA anayefungua kibanda cha michezo ya video katika soko kama Magunga, Kaunti ya Homa Bay, hutegemea ubishi wa wachezaji wawili: anayeshindwa hulipa tena ili kulipiza kisasi. Akipata mtambo wa zamani wa Super Nintendo au Mega Drive, asishawishike na picha za Rise of the Robots.

Mchezo huo wa 1994, wa kampuni ya Uingereza ya Mirage, ulitangazwa kwa kishindo. Roboti zake ziling'aa kama chuma halisi. Isitoshe, ulinadiwa kwa jina la Brian May, mpiga gita wa Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, ingawa muziki wake husikika kidogo tu.

Kasoro ilikuwa katika pigano lenyewe. Anayecheza peke yake hupewa roboti moja, Cyborg, apende asipende. Mapigo ni machache, kwani picha nzito kama zile humeza nafasi kubwa ya kumbukumbu, na teke la kuruka likirudiwa-rudiwa huwaangusha wapinzani wengi. Ubishi utatoka wapi?

Mwaka wa 1996 ulitolewa mwendelezo, Rise 2: Resurrection, wenye roboti nyingi za kuchagua. Kufikia hapo, Tekken ilikuwa imekwisha kuingia katika PlayStation.