Kokoa ya Kyela na vijidudu vyake

Sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania hutoka Kyela, wilaya ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unyevu unaoustawisha mti huo ndio unaoulea ugonjwa wa kuoza matunda. Huanza na doa la kahawia. Baada ya wiki mbili hivi tunda zima limekuwa jeusi, na juu yake umetanda ukungu mweupe. Ukungu huo ni vizazi vipya vya Phytophthora palmivora, kimelea kinachofanana na kuvu ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na mwani. Matone ya mvua hukirusha kutoka ardhini hadi kwenye matunda ya chini, na kinapopata utando wa maji juu ya ganda, huogelea kutafuta pa kupenyea. Kwa kuwa nguvu yake yote ni maji, kuujua mwenendo wake ni kinga tosha ya kuanzia: kupogoa matawi ili hewa ipite na matunda yakauke upesi, kuvuna mara kwa mara, na kuyaondoa yaliyooza, hata yale makavu yanayoning'inia tangu msimu uliopita.

Wapo watakaosema kupiga dawa ya mrututu, yenye shaba, ni rahisi zaidi. Dawa hiyo kweli inazuia, lakini hukaa juu ya ganda tu, na mvua za masika huiosha. Mkulima hulazimika kurudia, huku gharama ikipanda na shaba ikijikusanya udongoni. Tena dawa ya kuvu haichagui. Ndani ya jani la kokoa huishi kuvu zisizoliumiza. Jani changa huchipua karibu bila hizo, kisha huzipokea kutoka hewani na kwenye mvua linapokomaa. Mwaka 2003, A. Elizabeth Arnold na wenzake walichapisha majaribio ya Panama: baadhi ya majani ya miche yaliwekewa kuvu hizo, mengine yakaachwa, kisha yote yakakutanishwa na Phytophthora. Yaliyokuwa na kuvu yalikufa machache, na yaliyosalia yaliharibika kidogo.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba miche ya Panama si shamba la Ipinda, Kyela. Ni kweli, na ndiyo sababu utafiti wa namna hiyo haufai kuagizwa kutoka nje. Kuvu za majani hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo zinazoweza kuilinda kokoa ya Kyela zitafutwe kwenye majani ya Kyela, zijaribiwe kwa kimelea cha hapa na chini ya mvua ya hapa. Kazi hiyo itachukua miaka, na haimzuii mkulima kupogoa leo. Ila fedha za kununulia dawa peke yake, bila kumsomesha mtu wa kuchunguza vijidudu vya mti wenyewe, zitatumika upya kila masika.