Mzazi mwenye maradhi anaweza kudhaminiwa kwenda Kanada?

Leo tunajibu swali linalowasumbua wazazi wengi kambini: mwanangu yuko Kanada, anataka kunidhamini nimfuate, lakini nina presha na kisukari. Je, ugonjwa utanizuia?

Jibu linategemea njia unayopitia. Njia ni mbili, na masharti yake ya afya si sawa.

Ya kwanza ni kuhamishiwa Kanada ukiwa mkimbizi. Utapimwa, ndiyo, lakini hukataliwi kwa sababu matibabu yako ni ya gharama kubwa. Kinachoweza kukuzuia ni hali inayohatarisha wengine, kama kifua kikuu kinachoambukiza. Hata hapo, ukitibiwa na vipimo vikaonyesha kwamba huambukizi tena, maombi yako yanaweza kuendelea.

Ya pili ni mwanao, aliye raia au mkazi wa kudumu wa Kanada, kukudhamini kama mzazi. Hapa gharama huhesabiwa. Mke, mume na watoto wanaomtegemea mdhamini wamesamehewa hesabu hiyo, mzazi hakusamehewa. Tangu mwaka 2018, kikomo cha gharama ni mara tatu ya wastani unaotumika kwa mkazi mmoja wa Kanada kwa mwaka. Presha au kisukari kinachotulizwa kwa dawa za kawaida, peke yake, mara nyingi hakifiki huko. Figo zilizoshindwa kazi, zinazohitaji mashine ya kusafisha damu, zinaweza kuvuka kikomo. Virusi vya UKIMWI navyo havimaanishi kukataliwa moja kwa moja. Kinachotazamwa ni gharama ya matibabu.

Sasa, msikilizaji, shika mambo manne.

Moja: vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na Kanada tu. Yeye hupima na kutuma majibu. Uamuzi ni wa afisa wa uhamiaji. Anayekuuzia cheti cha afya kambini anakula pesa zako bure.

Mbili: usifiche ugonjwa. Ukigundulika umedanganya, unaweza kufungiwa kuomba kwa miaka 5.

Tatu: usiache dawa ukidhani vipimo vitatoka vizuri. Sukari itapanda, majibu yatakuwa mabaya zaidi, na maisha yako yatakuwa hatarini. Mezeni dawa zenu kama kawaida, na mtunze karatasi zote za kliniki.

Nne: ikija barua ya kusema afya yako inatia shaka, huko siyo kukataliwa. Ni nafasi ya kujieleza. Kwa kawaida unapewa siku 90 kujibu. Mtumie mwanao barua hiyo siku hiyohiyo. Mwombe daktari anayekutibu aandike ugonjwa wako ukoje, unatumia dawa gani na hali yako inaendeleaje. Mwanao naye atafute mwanasheria huko aliko.

Kumbuka pia kwamba udhamini wa wazazi una nafasi chache, na mwanao lazima athibitishe kipato chake na akubali kukutunza kwa miaka 20, isipokuwa Quebec, yenye utaratibu wake. Kwa hiyo ulizeni mapema, kabla hamjauza chochote.

Na kwa anayesubiri kuhamishwa kupitia UNHCR: huduma hiyo ni bure. Ukidaiwa pesa, toa taarifa.

Mweleze na jirani ambaye hana redio.