Thunder na Ndoto ya Pretoria: Hesabu Iliyowaangusha Kigali Tumeivunja Hapa

Kama umewahi kukaa stage ya Kiritiri jioni, unajua vile story huanza. Mmoja ameshika simu, wawili wamechungulia juu ya bega lake, wa nne anafunga muguka ya mwisho ya kwenda Nairobi lakini masikio yako kwa mechi. Mei 2025 mechi haikuwa Arsenal wala Gor. Ilikuwa Nairobi City Thunder, timu ya kwanza ya Kenya kuwahi kufika Basketball Africa League, yaani BAL. Na swali lilikuwa moja kila siku: "Sasa hawa watu wako out ama bado wako ndani?"

Jibu lilikuja ngumu. Thunder walirudi nyumbani na ushindi 1, vichapo 5, na tiketi ya mchujo zero. Mtandaoni watu waliwachoma vibaya. Wengine wakasema hawakufaa hata kwenda.

Pole pole, buda. Ukiangalia hesabu ya ile ligi, utaona kitu tofauti kidogo. Ndoto haikufia mahali watu wengi wanadhani ilifia.

Kwanza, BAL inafanya kazi aje?

BAL ni ligi ya vilabu ya NBA na FIBA kwa ushirikiano. Ilianza 2021, na kufikia 2025 kombe lilikuwa limebebwa na Zamalek ya Misri, US Monastir ya Tunisia, Al Ahly ya Cairo, Petro de Luanda ya Angola, halafu 2025 Al Ahli Tripoli ya Libya. Hiyo list ukiisoma mara mbili utaona kitu: Afrika Mashariki haimo.

Huingii BAL kwa kuitwa jina. Thunder walipita mechi za kufuzu hapa Nairobi, Kasarani, Novemba 2024. Hapo ndipo historia iliandikwa. Kabla yao, timu za Kenya zilikuwa zinatazama BAL kwa TV kama sisi wengine.

Msimu wa 2025 ulikuwa na timu 12, makundi 3 ya timu 4. Kundi la Kalahari lilichezwa Rabat Aprili, la Sahara likachezwa Dakar, na la Nile, la Thunder, likawa la mwisho: Kigali, BK Arena, Mei 17 hadi 25. Kama unakumbuka Champions League ya zamani, umeshaielewa. Timu 4, kila moja ilikutana na nyingine mara mbili, mechi 6. Tofauti ni kwamba hapa hakuna sare, na wote mnacheza kwa uwanja mmoja.

Timu mbili za juu za kila kundi zilienda mchujo. Hizo ni 6. Nafasi 2 zilizobaki zilienda kwa timu bora mbili zilizomaliza nambari tatu. Jumla 8, safari ya Pretoria, Juni.

Shika hapo kwa nambari tatu, juu ndio dirisha Thunder walikuwa wanalipigia hesabu.

Hesabu ya ushindi 12

Kundi la timu 4 zinazocheza mechi 6 kila moja lina mechi 12. Maana yake kuna ushindi 12 pekee wa kugawana. Ni kama chapati 12 mezani na watu wanne wenye njaa. Wawili wakila tano tano, wengine mtapigania mbili.

Na hivyo ndivyo ilienda. Al Ahli Tripoli walishinda 5, wakapoteza 1. APR ya Rwanda, wenyeji, nao 5 na 1. Hao wawili waligawana mechi zao wenyewe, halafu wakakula kila kitu kingine. Zikabaki chapati 2. Thunder wakachukua moja, MBB ya Afrika Kusini wakachukua nyingine.

Sasa cheki hii. Tripoli walienda Pretoria wakabeba kombe lote, wakiwafunga Petro waliokuwa mabingwa watetezi. APR wakamaliza wa tatu. Kwa hivyo kwenye kundi moja, Thunder walikuwa na bingwa wa Afrika na nambari tatu wa Afrika. Na mechi nne kati ya sita zao zilikuwa dhidi ya hao wawili. Mpira ungekuwa wa miguu tungeliita kundi la kifo na tuombe tu.

Kwa hivyo swali la "mbona walichapwa na APR kwa APR?" ni swali la mtu aliyefungua simu jana. Kupoteza BK Arena mbele ya mashabiki wa Rwanda si aibu. Swali lenye uzito ni lingine.

Tiketi ilikuwa kwa MBB

Ukiwa timu mpya, vigogo hawakupimi. Unapimwa na mtu wa saizi yako. Kwa Thunder huyo alikuwa MBB. Walikutana mara mbili, kila mmoja akashinda moja.

Fikiria wangeshinda zote mbili. Wangekuwa 2 kwa 4, nambari tatu bila ubishi, na wangehitaji kuiba mechi moja tu kwa Tripoli ama APR kufika 3 kwa 3. Hapo unaongea lugha ya mchujo. Lakini ukishagawana na mwenzako, unahitaji kuiba mbili kwa vigogo. Hiyo ni kama kuomba mvua Mbeere mwezi wa Agosti. Inaweza nyesha, lakini usipande ndengu ukiitegemea.

Kuna kitu kingine. Kundi la Nile lilicheza mwisho. Rabat na Dakar walikuwa wameshamaliza, nambari tatu wao wameshaweka rekodi kwa meza. Nambari tatu wa Kigali alijua kabisa anafukuza nini. Mwishowe Rabat ilitoa timu 3, Dakar 3, na Kigali 2 tu.

Na pia kumbuka, nambari tatu wa makundi tofauti hawajawahi kukutana, kwa hivyo wakilingana kwa ushindi, inabidi uangalie tofauti ya pointi. Ndio maana kocha anabaki anapiga kelele timu ikiwa chini kwa 22 na dakika mbili zimebaki. Watu kwa stage wanacheka, "Huyu anabembeleza nini na mechi imeisha?" Anaokoa hesabu. Kufungwa kwa 12 na kufungwa kwa 30 ni vichapo viwili tofauti kabisa siku meza ikisomwa.

Kwa nini timu huisha pumzi mwishoni?

Mechi 6 ndani ya siku 9. Isome tena. NBA wanacheza 82, lakini wana karibu miezi sita. Hapa "mwisho wa msimu" unafika wiki moja baada ya msimu kuanza. Ukianza vibaya wikendi ya kwanza, katikati ya wiki tayari unabebwa na kikokotoo.

Miguu ikichoka, dalili zinaonekana hata kwa mtu ambaye hajui basketi. Mitupo inagonga chuma cha mbele, juu nguvu ya mtupo hutoka kwa miguu. Mlinzi anafika nusu sekunde amechelewa, anashika mkono badala ya mpira, faulo. Na sheria za FIBA ni kali: timu ikishapiga faulo nne kwa robo moja, kila faulo inayofuata inampa mpinzani mitupo miwili ya bure. Kwa hivyo uchovu wako unageuka pointi zake, saa ikiwa imesimama, yeye akipumzika.

Hapo ndipo benchi inaamua. Robo ni dakika 10, mechi ni dakika 40. Timu yenye watu kumi wa kuaminika inagawa kazi. Yenye watu sita inakopa nguvu za kesho. Na kesho kwa BAL kuna mechi.

Halafu kuna ile ya nyumbani, na hapa wengine mtanikasirikia. Thunder walikuwa wanatawala ligi ya Kenya. Hiyo ni sifa yao, walileta kocha Brad Ibs, wakaweka mpangilio wa kulipwa kama kazi, wakafanya mambo kwa njia ya kitaalamu. Lakini ukishinda kwa pengo kubwa wikendi baada ya wikendi, ni lini umecheza dakika tatu za mwisho ukiwa chini kwa mbili? Hiyo ni misuli, na misuli isipotumika inalala. Ukifika Kigali, ndio unaanza kuijaribu mbele ya watu elfu kadhaa wanaopiga kelele za timu nyingine. Ligi laini inakupa kombe lakini haikupi mazoezi ya presha.

Kwani matumaini huwa ya uongo?

Hapana. Angalia Miami Heat, msimu ule ule. Machi 2025 walipoteza mechi 10 mfululizo. Wakamaliza 37 kwa 45, nambari kumi upande wao. Lakini NBA iko na mlango wa nyuma, zile mechi za kugombea nafasi za mwisho kati ya nambari saba na kumi. Heat wakashinda mbili ugenini, wakaingia mchujo, timu ya kwanza kuwahi kufanya hivyo kutoka nambari kumi. Ni kweli Cleveland waliwafyeka 4 kwa 0 baadaye, lakini waliingia.

Tofauti ni muda. Heat walikuwa na wiki za kujirekebisha. BAL haina huo mlango wala hizo wiki. Tumaini lipo, lakini lina tarehe ya kuisha iliyoandikwa kubwa.

Na Kenya tunaijua hiyo hali vizuri, tena ndani ya jengo lile lile. 2021, likiitwa bado Kigali Arena, Morans walikuwa kwa AfroBasket ya kwanza tangu 1993. Walifika huko baada ya kuwapiga Angola 74 kwa 73, Tylor Ongwae akitupa ile ya mwisho na kengele ikilia. Angola, wasee, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Wakafika mechi ya kutafuta robo fainali dhidi ya Sudan Kusini. Wakapoteza 58 kwa 60.

Kikapu kimoja. Miaka karibu minne baadaye Ongwae alirudi Kigali na jezi ya Thunder. Kwa hivyo usiambiwe Wakenya hawajui kufika. Tunafika. Shida ni zile dakika za mwisho, kila mara.

Kisingizio cha udogo hakipo

Moja ya timu tatu zilizotoka Dakar kwenda Pretoria ilikuwa Kriol Star ya Cape Verde. Cape Verde ni visiwa, na nchi nzima ina watu kama nusu milioni. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 kaunti ya Embu. Yaani nchi yenye watu wachache kuliko kaunti yetu ilipeleka klabu mchujo, na 2023 ikapeleka timu ya taifa Kombe la Dunia la basketi.

Kwa hivyo si idadi ya watu. Ni vijana wangapi wanashika mpira wakiwa na miaka 12, wanacheza mechi ngapi ngumu kabla ya 20, na kuna timu ngapi za kuwafanya walale wakiwa na wasiwasi. Kuna kijana mrefu hapa Kiritiri ambaye tangu primary anaitwa golikipa kwa sababu ya urefu, na hajawahi guswa na mpira wa basketi. Thunder hawawezi kumsajili mtu ambaye yeye mwenyewe hajui anaweza.

Next time ukishika simu

Timu yetu ikiwa kwa kundi kama hili tena, usingoje mechi ya sita ndio uanze kulia. Uliza mambo matatu mapema. Ni nani wa saizi yetu hapa, na tunakutana naye lini? Tukipoteza, tunapoteza kwa ngapi? Na robo ya nne, benchi yetu inacheza ama inatazama kama sisi?

Ukiwa na hayo majibu, utajua kama wako ndani ama out hata kabla ya mtangazaji. Thunder wamefungua mlango uliokuwa umefungwa tangu ligi ianze, na huo ushindi mmoja wa Kigali ndio wa kwanza wa klabu ya Kenya kwa BAL. Siku tukishinda zile mbili za mtu wa saizi yetu, story ya stage itabadilika. Huyo wa muguka ataacha kufunga, akae chini, aangalie robo ya nne yote.